Ghala la Chakula Lina Mlango Mpya

Tarehe 16 Machi, mwaka 2025, adui aliingia katika kampuni ya Astral Foods ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote nchini humo kwa ufugaji na uchinjaji wa kuku. Hakuvunja kufuli, wala hakumfunga kamba mlinzi wa lango. Hakuondoka na kuku hata mmoja. Aliingia kwa njia ya kompyuta, na kazi ya kuchinja kuku na kuwafikisha kwa wateja ikavurugika. Wakuu wa kampuni hiyo waliirejesha mitambo yao kazini, lakini hesabu ilipofanywa ilionekana kwamba faida ipatayo randi milioni 20 ilikuwa imekwenda na maji.

Ndugu wasikilizaji, watu wengi wamezoea kufikiri kwamba wezi wa kompyuta huwinda mabenki tu. Kuku ana nini hata aviziwe na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, pengine katika bara jingine? Jibu ni jepesi. Kuku anaoza. Fedha iliyozuiliwa benki kwa siku tano, siku ya sita itakuwa fedha bado. Nyama iliyozuiliwa kiwandani kwa siku tano bila baridi si chakula tena. Maziwa hayangoji, mkate haungoji, na samaki hangoji kabisa. Mwenye kiwanda cha chakula hushindana na saa kila siku, na adui anajua hivyo. Anapozifunga kompyuta za kiwanda na kudai fidia ili azifungue, silaha yake kubwa ni saa ile ile.

Mwanajeshi hahitaji kufundishwa jambo hili. Tangu zamani, miji yenye kuta nene ilianguka kwa sababu njia ya nafaka ilikatwa. Kikosi kilichoko mbele kinaweza kuwa na risasi za kutosha, lakini gari la chakula lisipofika, siku zake zinahesabika. Hali kadhalika askari polisi anajua kwamba duka likikosa unga kwa wiki moja, foleni hugeuka kuwa fujo, na yeye ndiye atakayeitwa kusimama kati ya watu na mlango wa duka. Basi ulinzi wa chakula ni sehemu ya ulinzi wa nchi. Kilichobadilika ni kwamba ghala la chakula, ambalo zamani lilikuwa na milango ya mbao na chuma, sasa lina mlango mpya usioonekana kwa macho.

Ushahidi wa jambo hili hautoki Afrika Kusini peke yake. Tarehe 30 Mei, 2021, kampuni ya JBS yenye asili ya Brazil, ambayo ni kubwa kuliko zote duniani kwa nyama, ilishambuliwa kwa njia ya kompyuta, na viwanda vyake katika Marekani, Kanada na Australia vikalazimika kusimamisha kazi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lililitaja kundi la wahalifu liitwalo REvil kuwa ndilo lililofanya uovu huo. Kampuni ililipa fidia ya dola milioni 11, ingawa wakati wa kulipa viwanda vyake vingi vilikuwa vimekwisha kurudi kazini. Ililipa kwa kuhofia yale ambayo adui angeweza kuyafanya baadaye.

Katika mavuno ya mwaka 2021, vyama vya ushirika vya nafaka nchini Marekani navyo vilipigwa, kimoja baada ya kingine. Mwezi Aprili 2022, FBI ilitoa onyo kwamba vyama sita vya namna hiyo vilishambuliwa katika majira hayo ya mavuno, na kwamba wahalifu huenda wakauchagua kwa makusudi wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Huo ndio wakati ambao mkulima hawezi kungoja, na chama chake hakiwezi kungoja. Halafu, tarehe 29 Septemba, 2025, zamu ikawa ya Japani. Kampuni ya bia na vinywaji ya Asahi ilipigwa, na viwanda vyake vingi nchini humo vikasimama. Katika nchi inayosifiwa duniani kote kwa mitambo, makarani walirudi kupokea maagizo ya wateja kwa karatasi, kalamu na faksi.

Ili kuelewa namna adui anavyopita, yafaa kwanza kulielewa neno moja linalotumika sana siku hizi, nalo ni wingu. Zamani kiwanda cha unga kiliweka daftari lake katika kabati, na baadaye katika kompyuta iliyokuwa chumba cha pili. Leo viwanda vingi huweka hesabu zao, maagizo ya wateja, safari za malori na hata vipimo vya majokofu katika kile kinachoitwa hifadhi ya winguni. Neno hilo lisimpotoshe mtu. Wingu hilo haliko angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye kuta, walinzi na mitambo ya kupoza hewa, ambayo yanamilikiwa na kampuni chache na kukodishwa kwa maelfu ya wapangaji. Mwenye kiwanda huko Mbeya au Nakuru anaweza kuwa mpangaji katika jumba lililoko Johannesburg au Ulaya bila kuliona hata siku moja.

Mpango huo una manufaa yake. Mpangaji mdogo hupata jumba imara ambalo asingeweza kulijenga mwenyewe. Lakini mkataba wake una kifungu ambacho wengi hawakisomi vizuri. Mwenye jumba hulinda jumba. Mpangaji hulinda funguo zake. Mpangaji akiacha mlango wazi, au akimpa mgeni ufunguo, mwenye jumba halaumiwi. Mwaka 2024, wezi waliingia katika akaunti za wateja wa kampuni ya Marekani iitwayo Snowflake, ambayo huhifadhi taarifa za makampuni mengi. Wateja wapatao 165 walijulishwa kwamba huenda wameguswa. Wachunguzi waligundua kwamba jumba lenyewe halikuvunjwa. Wezi walitumia nywila zilizokuwa zimeibwa kabla, nyingine kwa miaka kadhaa, na akaunti walizoziingilia hazikuwa zikidai uthibitisho wa pili baada ya nywila. Nywila ni neno la siri, kama lile ambalo mlinzi wa lindo humwuliza mtu anayekaribia usiku. Kila askari anajua kwamba neno la siri lisilobadilishwa kwa miaka mitatu si siri tena.

Hapa ndipo akili mnemba inapoingia kazini. Akili mnemba ni programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mingi hata ikaweza kutambua mambo yanayofanana na mambo yanayotofautiana, bila kuambiwa kila moja kwa amri yake. Katika ulinzi wa hifadhi ya winguni, kazi yake kubwa ni kujifunza mwenendo wa kawaida na kupiga kengele mwenendo huo unapobadilika.

Mfano mmoja watosha. Karani wa ghala la mahindi huingia katika hesabu za kampuni kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Huingia akiwa katika mji mmoja, kwa kompyuta moja, na hufungua kurasa arobaini au hamsini. Usiku mmoja, saa nane, nywila ya karani huyo inatumika kutoka nchi nyingine, na kwa dakika chache kurasa elfu kumi zinaanza kuchotwa. Kufuli la zamani lingefunguka bila wasiwasi, kwa maana nywila ni sahihi. Akili mnemba huuliza swali jingine: je, huyu ni yule yule? Mlinzi mzoefu humtambua mwenzake kwa mwendo hata kabla hajasikia sauti yake, na mwendo usio wake humfanya aseme simama. Ndivyo mashine hii inavyofanya. Humfungia mgeni, humdai uthibitisho wa pili, na humwamsha mkuu wa zamu.

Kazi ya pili ni kutambua shambulio lenyewe likiwa changa. Adui anayedai fidia huzifunga hesabu za kiwanda kwa hati ya siri, moja baada ya nyingine, tena kwa kasi kubwa. Binadamu atagundua asubuhi, kila kitu kikiwa kimekwisha fungwa. Mashine inaweza kuona kwamba katika dakika moja majalada mia tano yamegeuka sura, ikaitenga kompyuta hiyo na nyingine kabla moto haujashika nyumba nzima.

Kazi ya tatu inahusu chakula hasa. Katika chumba cha kugandisha nyama, kipimajoto hutuma habari winguni mchana na usiku. Mtu mwenye nia mbaya aliyeingia ndani anaweza kuibadilisha habari hiyo, ili wenye kiwanda waone nyuzi 18 chini ya sifuri ilhali nyama inayeyuka. Akili mnemba hulinganisha shahidi mmoja na mwingine. Ikiwa kipimajoto kinasema baridi ni kali, lakini mota ya jokofu haijatumia umeme kwa saa tatu, basi mmoja wa mashahidi hao anasema uongo. Polisi mpelelezi hatashangazwa na hoja hiyo, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku.

Tena iko sababu ya wazi ya kuihitaji mashine. Hifadhi ya winguni ya kampuni kubwa huandika kila tendo linalofanyika humo, na matendo hayo kwa siku moja yanaweza kufikia mamilioni. Hata kampuni ingeajiri makarani mia, wasingeweza kuyasoma yote. Mashine husoma yote bila kuchoka wala kusinzia, na haiombi ruhusa ya kwenda kunywa chai. Kwa hiyo wanaosema kwamba akili mnemba ni mchezo wa matajiri wamekosea. Kiwanda kilichokwisha kuhamia winguni bila mlinzi wa aina hii ni kama kambi yenye uzio wa kilomita kumi na askari mmoja wa doria.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, yangekuwa makosa makubwa zaidi kudhani kwamba mashine ikishawekwa basi kazi imekwisha, na watu wanaweza kulala. Yako mambo matatu ambayo hayana budi kukumbukwa.

La kwanza ni kwamba adui mara nyingi hapigi mlango. Humpigia simu mwenye ufunguo. Mwezi Aprili 2025, kampuni ya Marks & Spencer ya Uingereza, inayouza nguo na vyakula, ilishambuliwa. Rafu za chakula katika baadhi ya maduka yake zikabaki tupu, na kampuni ikakadiria kwamba hasara katika faida ya mwaka ingefikia pauni milioni 300. Mwenyekiti wa kampuni aliwaeleza wabunge wa Uingereza kwamba adui aliingia kwa kujifanya mtu mwingine, kupitia upande wa kampuni ya nje iliyokuwa ikishirikiana nao. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Palikuwa na maneno matamu na mtu aliyeyaamini.

Na maneno hayo sasa yana nguvu mpya, kwa kuwa akili mnemba si mali ya walinzi peke yao. Adui naye anayo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alialikwa katika mkutano wa video, akawaona na kuwasikia watu aliodhani ni wakuu wake wa kazi. Nyuso hizo na sauti hizo zilikuwa zimetengenezwa na mashine. Akatoa fedha zipatazo dola milioni 25. Ikiwa kwa fedha iliwezekana, kwa shehena ya chakula pia inawezekana. Sauti ya meneja inaweza kupiga simu ghalani ikiagiza malori kumi ya sukari yapelekwe mahali pasipojulikana. Dawa yake ni ya zamani. Amri nzito isiyo ya kawaida ithibitishwe kwa njia ya pili, na mdogo anayemwuliza mkubwa athibitishe asihesabiwe kuwa amekosa adabu. Mlinzi anayemsimamisha kamanda wake usiku na kumdai neno la siri anastahili sifa.

La pili ni kwamba mlinzi mwenyewe anaweza kuanguka. Tarehe 19 Julai, 2024, programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo hutumia akili mnemba na kuaminiwa na mashirika mengi makubwa duniani, ilipokea marekebisho yenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizima. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha kazi, na maduka yalishindwa kupokea malipo. Siku hiyo hapakuwa na adui yeyote. Palikuwa na kosa moja katika programu moja iliyokuwa imewekwa katika milango mingi mno kwa wakati mmoja. Kamanda mwenye busara haweki ulinzi wake wote mikononi mwa mlinzi mmoja, hata awe hodari namna gani.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba mashine inaweza kumdhania mwenyeji kuwa mwizi. Katika ofisi ya hesabu, kosa hilo huleta usumbufu wa nusu saa. Katika kiwanda cha chakula huleta maafa. Banda la kisasa la kuku hupumua kwa feni zinazoongozwa na kompyuta. Mashine ya ulinzi ikidhani kwamba kompyuta hiyo imetekwa, ikaizima saa sita mchana wakati wa joto, maelfu ya kuku waweza kufa kabla mtu hajafika. Kadhalika mtambo wa kuchemsha maziwa ukikatwa katikati ya kazi, maziwa yote yaliyomo yatakuwa ya kumwaga. Adui hatakuwa amefanya lolote. Mlinzi ndiye atakuwa amewapiga wenyeji.

Kwa hiyo swali ambalo kila mwenye kiwanda, kila bodi ya nafaka na kila ghala la akiba la taifa halina budi kulijibu kabla ya kununua mashine ni hili: nani ana mamlaka ya kutoa amri gani? Mashine inaweza kuachiwa kuamua mambo ambayo kosa lake hurekebishika. Imfungie mgeni asiyetambulika. Imdai karani uthibitisho wa pili. Iitenge kompyuta moja ya ofisi. Lakini kuzima feni, jokofu, mtambo wa maziwa au mnyororo wa kuchinjia kuwe mikononi mwa mtu anayefahamika kwa jina, aliye zamuni, mwenye simu inayopatikana na mwenye ujuzi wa kazi ile. Tena mtu huyo awe macho kweli. Kengele inayolia katika chumba kitupu haimwamshi yeyote.

Uamuzi wa mtu kama huyo una thamani kubwa. Katika majuma yale yale ambayo Marks & Spencer ilikuwa ikihangaika, kampuni ya ushirika ya Co-op ya Uingereza nayo ilivamiwa. Taarifa za wanachama wake milioni 6.5 ziliibwa. Lakini watu wake waliamua kuzima wenyewe sehemu ya mitambo yao kabla adui hajamaliza kazi yake. Uamuzi huo nao ulikuwa na gharama. Rafu zilikaa tupu hata katika visiwa vya Scotland, ambako wakazi wa baadhi ya vijiji hawana duka jingine kubwa la vyakula. Ndipo kampuni ikaamua kwamba maduka 12 ya mbali kabisa yatengewe shehena mara tatu ya ile ya kawaida iliyokuwa ikipatikana. Msikilizaji wa Mafia au Ukerewe ataelewa maana ya jambo hilo bila kuelezwa. Chakula kikipungua, mtu wa mwisho wa njia ndiye wa kwanza kulala njaa, na mpango mzuri wa ulinzi humkumbuka kabla ya siku ya shida.

Liko pia fundisho lililotoka Afrika Magharibi. Mwezi Juni 2017, programu ya uharibifu iitwayo NotPetya ilisambaa duniani kuanzia Ukraine. Iliipiga kampuni ya vyakula ya Mondelez, hata kiwanda cha chokoleti huko Hobart, Australia, kikasimama. Iliipiga pia kampuni ya meli ya Maersk, ambayo husafirisha vyakula vingi vya dunia. Maersk ilipotaka kujijenga upya, iligundua kwamba orodha kuu ya mitambo na watumiaji wake ilikuwa imeharibiwa katika kila ofisi, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Huko, umeme ulikuwa umekatika wakati wa shambulio, na kompyuta hiyo ikawa imezimika. Nakala ile ilichukuliwa mkononi, ikapitishwa Nigeria, ikafikishwa Uingereza, na kampuni ikaanza tena kutoka hapo. Kampuni yenye meli mamia iliokolewa na umeme uliokatika. Wenye busara hawangoji bahati kama hiyo. Huweka kwa makusudi nakala moja ya hesabu zao mahali pasipounganishwa na waya wowote, na huijaribu mara kwa mara waone kama inafunguka. Zaidi ya hayo, huwafundisha makarani wao kuandika hati ya kutoa mali kwa kalamu, ili siku mashine ikinyamaza, lori la unga liendelee kutoka.

Jambo hili haliwezi kuachiwa nchi moja moja. Mwezi Julai 2021, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, Transnet, lilishambuliwa, na kazi ya makontena katika bandari za Durban na Cape Town ikakwama katika msimu wa kusafirisha machungwa. Mwezi Julai 2023, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya uitwao eCitizen ulishambuliwa, na wananchi wakashindwa kwa muda kupata huduma walizozizoea. Mahindi ya Tanzania huvuka Namanga kwenda Kenya. Shehena za Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia hupita Dar es Salaam. Hati za malori hayo husomwa na kompyuta kabla hazijasomwa na binadamu. Kompyuta ya jirani ikipofushwa, foleni ya malori itaonekana pande zote mbili za mpaka.

Kwa upande wa polisi, habari ni za kutia moyo. Katika miezi ya Septemba na Oktoba 2024, INTERPOL na AFRIPOL ziliongoza msako uliopewa jina la Serengeti katika nchi 19 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo, na watuhumiwa 1,006 wakakamatwa. Msako wa pili wa jina hilo, katikati ya mwaka 2025, ulileta watuhumiwa 1,209 na kurejesha dola milioni 97.4. Huko Uingereza, mwezi Julai 2025, vijana wanne wenye umri wa miaka 17 hadi 20 walikamatwa kwa tuhuma zilizohusu mashambulio yale ya maduka. Adui huyu, pamoja na vitisho vyake vyote, ana mikono inayoweza kutiwa pingu.

Lakini pingu huhitaji ushahidi. Kompyuta iliyoshambuliwa ni mahali pa tukio. Mwenye kiwanda anayekimbilia kufuta kila kitu ili aanze upya hufanya sawa na mtu anayeosha sakafu yenye damu kabla polisi hawajafika. Saa ya tukio iandikwe, maneno ya adui yahifadhiwe, na taarifa itolewe mapema, hata kama aibu ni kubwa. Anayeficha kwa aibu na kulipa kimya kimya humnunulia adui silaha ya kumpigia jirani. Wala malipo hayampi hakikisho lolote, kwa kuwa neno la mwizi halina dhamana.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika vita hivi, mlango wa kwanza wa adui mara nyingi ni mtu wa ndani asiyekusudia ubaya wowote: karani wa posho anayetumia nywila moja kwa kila kitu, mtunza ghala anayefungua barua asiyoitazamia, ofisa anayemwazima rafiki kompyuta ya kazi. Hayo yanaweza kutokea kiwandani, na yanaweza kutokea kambini na kituoni, ambako nako chakula huagizwa, huhesabiwa na kugawanywa kwa kompyuta. Askari anayelinda nywila yake hulinda sufuria ya wenzake.

Akili mnemba, basi, ipewe lindo. Apewe pia mkuu wa zamu wa kuisimamia, mwenye akili ya kuzaliwa nayo na mamlaka yaliyoandikwa wazi. Nakala ya akiba ifungiwe mahali pake, na zoezi lifanyike kabla ya shida. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa ghala la chakula ukianguka, wanaolala njaa huwa wengi kuliko wale waliosahau kuuziba.